HAKI YA MWENZAKO KATIKA SHULE
Mafunzo kwa baba wa Kiislamu wa pwani ambaye mwanawe anasoma ugenini

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himdi zote zina Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, mafunzo haya tumeyaandika kwa ajili ya mwanamume wa pwani ambaye riziki imemtoa kwao, Tanga au Bagamoyo, Kilwa au Lindi, ikampeleka bara pamoja na watoto wake. Na katika miji ya bara tumeuchagua mji wa Tunduma, khasa kata yake ya Chapwa, kwa sababu yatakayobainika mbele. Neno tunalotaka kulithibitisha ni moja: kwamba heshima anayopewa na mwanao yule mtoto mwenziwe asiyekuwa wa dini yake ni haki juu yake, wala si ihsani ya kupenda. Na mwalimu wa kwanza wa haki hiyo ni wewe baba, kwa ulimi wako, nyumbani mwako.

FASILI YA KWANZA: MJI NA WATU WAKE

Tunduma umekaa mpakani, na ng'ambo yake ni Nakonde, mji wa Zambia. Kutoka Dar es Salaam hata Tunduma ni mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Barabara kuu yapita hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, nayo yapita hapo. Kwa hiyo kila siku huonekana safu za malori yakingoja kuvuka, na madereva, na mawakala wa forodha, na wafanya biashara wa kila kabila. Wenyeji wa nchi ile ni Wanyamwanga, na jirani zao ni Wanyiha na Wandali, na wengi katika hao ni Wakristo. Wamishonari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kutoka huko wakaenea katika nchi za jirani. Basi Mwislamu wa pwani akikaa Chapwa ni mgeni, na ni mmoja kati ya wengi wasiokuwa wa dini yake. Mambo ni kinyume cha alivyozoea kwao.

Na mtoto wake akitiwa darasa la kwanza atakaa ubao mmoja na mtoto wa Mnyamwanga ambaye Jumapili huenda kanisani. Watasoma kitabu kimoja, watafagia uwanja mmoja, na watakunywa maji ya bomba moja.

Zamani wazee wetu waliliogopa jambo hili, na walikuwa na sababu. Wakati wa ukoloni shule nyingi za bara zilikuwa mikononi mwa misheni, na baba alichelea kumpeleka mwanawe kusoma hesabu akarudi amebatizwa. Wengi wakawazuia watoto wao, wakaridhika na chuo cha Kurani peke yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliliona pengo hilo mapema; katika magazeti yake, Sahifa ya mwaka 1930 na Al-Islah ya mwaka 1932, aliwahimiza watu wa pwani waamke, wala wasiache ilimu ya dini wala ilimu ya maisha. Baada ya Uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule hizo za misheni chini ya Serikali, zikawa za watoto wote. Tena Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, imempa kila mtu uhuru wa dini yake, na ibara ya 12 imethibitisha kuwa watu wote ni sawa na kila mmoja ana heshima ya utu wake. Basi udhuru ule wa zamani umeondoka. Kilichobaki ni kumfundisha mtoto namna ya kukaa na wenziwe.

FASILI YA PILI: MOTO HUANZA KWA CHECHE

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya watoto, yana uzito gani hata yaandikiwe kijitabu? Jawabu lake ni mambo mawili yaliyotokea, na wengi wetu tunayakumbuka.

La kwanza ni la Mbagala, Dar es Salaam, mwezi wa Oktoba 2012. Watoto wawili, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo, walibishana juu ya Msahafu. Kama ilivyosimuliwa katika magazeti, ubishi ulikuwa juu ya yatakayompata mtu atakayeuvunjia Msahafu heshima. Yule mtoto wa pili akafanya kitendo kiovu ili ajaribu. Khabari ikafika kwa watu wazima. Nao watu wazima, badala ya kuwa maji, wakawa mafuta: watu wakakusanyika kwa ghadhabu, na makanisa yakashambuliwa na kutiwa moto. Ubishi wa watoto wawili ukawa msiba wa mji mzima.

La pili ni la Tunduma yenyewe, na ndiyo sababu ya kuuchagua mji huu. Mwanzo wa mwezi wa Aprili 2013 ilizuka fitina baina ya Wakristo na Waislamu juu ya nani achinje nyama inayouzwa sokoni. Polisi wakawatawanya watu kwa moshi wa kutoa machozi, na biashara ikasimama. Siku hizo Tunduma ilikuwa ingali katika Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulifanywa mwaka 2016. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ile ya moshi sasa ni mtu mzima, na huenda ana mtoto wake. Basi na ajiulize kila baba: yule mtoto alisikia nini nyumbani kwao jioni ya siku ile? Je, alisikia maneno ya kutuliza, au alisikia majina ya kuwatukana jirani? Aliyoyasikia ndiyo aliyoyachukua asubuhi yake kwenda darasani.

Na katika khabari ya Mbagala mna fundisho jingine ambalo aghlabu watu hulipita. Msahafu si kitu cha kushindania. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, mtoto mwenye kupambanua haharamishiwi kuushika Msahafu hali hana udhu, kwa haja ya kujifunza. Ruhusa hiyo ni ya kusoma, wala si ya kuuchezea wala kuutia katika mabishano. Mtoto akitoka chuoni na juzuu yake akapitia shuleni, na afundishwe kuiweka katika mfuko wake, asiitoe mbele ya mzaha. Anayeitoa Kurani ili ijaribiwe amekwisha kuipunguzia heshima kabla ya mwengine kuigusa.

FASILI YA TATU: KUHESHIMU SI KUFUATA

Wako wanaodhani kuwa kumheshimu asiyekuwa Mwislamu ni kulegea katika dini. Dhana hii ni ya kutopambanua baina ya mambo mawili. Kufuata imani ya mtu ni jambo moja, na kumpa mtu haki yake ni jambo jingine. La kwanza tumekatazwa, la pili tumeamrishwa.

Ushahidi wake ni mwingi, nasi tutataja maana zake kwa mukhtasari. Katika Suratul Mumtahana, aya ya 8, Mwenyezi Mungu ametubainishia kuwa hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala hawakututoa katika majumba yetu. Je, Mnyamwanga wa Chapwa aliyekupangisha nyumba na kukuuzia mahindi amekupiga vita? Bali amekukaribisha katika nchi yake.

Katika Suratul An'am, aya ya 108, tumekatazwa kuvitukana wanavyoviabudu wengine, wasije wao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa ujinga na uadui. Na Mtume, sala na amani zimshukie, aliwaambia sahaba zake kuwa ni katika madhambi makubwa mtu kuwatukana wazazi wake. Wakastaajabu, mtu huwatukanaje wazazi wake? Akawafahamisha kwamba humtukana baba wa mwenziwe, na mwenziwe akamrudishia kwa kumtukana babake. Tazama namna hadithi hii inavyofanana na uwanja wa shule! Mtoto anayemtukana mwenziwe dini ndiye aliyefungua mlango wa kutukanwa dini yake.

Na Waislamu wa kwanza walipodhulumiwa Makka walihamia Uhabeshi, kiasi cha mwaka 615 wa tarikhi ya Kizungu, wakakaa katika ulinzi wa mfalme Mkristo, Najashi. Walikuwa wachache katika nchi ya watu. Hawakuficha imani yao walipoulizwa, wala hawakuvunja amani ya nchi iliyowahifadhi. Sayyidna Ja'far bin Abi Talib alisema mbele ya mfalme maneno ya kweli kwa ulimi wa adabu. Huo ndio mfano wa Mwislamu wa pwani aliye Chapwa.

FASILI YA NNE: HAKI TANO ZA KUFUNDISHWA MTOTO

Imam Ghazali, naye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu, amefahamisha katika Ihya kuwa mtoto ni amana kwa wazazi wake, na moyo wake ni safi, hupokea kila kinachochorwa juu yake. Basi yapasa baba amchoree mwanawe haki hizi tano kabla ya mtu mwengine kumchorea mambo yasiyofaa.

Ya kwanza ni haki ya jina. Kila mtoto aitwe kwa jina alilopewa na wazee wake. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kufanyiana kejeli na kuitana kwa majina ya kuudhi. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wa zamani katika jambo hili. Wazee wetu walipokuwa wakijivunia ustaarabu walimwita mtu wa bara mshenzi, na neno hilo lingalimo katika vinywa vya baadhi yetu. Kadhalika neno kafiri, ambalo katika vitabu vya fikihi ni istilahi yenye hukumu zake, wengine wamelifanya tusi la njiani. Na mwezi wa Ramadhani watoto wetu humwita kobe kila anayekula mchana. Mtoto wa Kikristo hakulazimishwa saumu yetu. Akila uji wake saa nne hakukosa lolote. Mfungaji aliyemcheka mlaji amejipunguzia ujira wake mwenyewe.

Ya pili ni haki ya mwalimu. Imepokewa kuwa Imam Shafi'i alipokuwa akisoma mbele ya Imam Malik alikuwa akiligeuza karatasi pole pole kwa heshima, sauti yake isimuudhi. Huenda mtu akasema: yule alikuwa Imam Malik, na mwalimu wa Chapwa ni Mkristo. Jawabu ni kwamba khabari za vita vya Badri zimetaja kuwa baadhi ya mateka wa Kikureshi waliojua kuandika walifanyiwa fidia yao kuwa ni kuwafundisha watoto wa Madina. Walikuwa washirikina, tena maadui wa jana, na watoto wa Ansari waliketi mbele yao wakasoma. Basi mwalimu wa hesabu anayemfunza mwanao kwa insafu ana haki ya kusikilizwa na kuheshimiwa kwa ilimu anayoitoa.

Ya tatu ni haki ya zamu na ya neno. Mtoto asubiri zamu yake kwenye maji na kwenye mpira, na mwenziwe akisema amwache amalize. Akichaguliwa kiranja, asiwaandike katika orodha ya wapiga kelele watoto wa Kikristo peke yao akawaacha jamaa zake wa chuoni. Suratul Maida, aya ya 8, imetuonya kuwa chuki juu ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Ukadhi wa haki huanza katika kijidaftari cha kiranja.

Ya nne ni haki ya mali ya wote. Dawati, ubao, dirisha, mti uliopandwa uwanjani, choo, hivi havina mwenyewe mmoja, na kwa sababu hiyo vina wenyewe wengi. Aliyeharibu kikombe cha jirani aweza kumwomba radhi mtu mmoja. Aliyevunja dawati la shule, atawaomba radhi wangapi? Mfundishe mwanao kuwa mali hiyo ni mfano wa mali ya waqfu katika uzito wake, hutumiwa wala haiharibiwi.

Ya tano ni haki ya ahadi. Baba anapoliandikisha jina la mwanawe amekubali kanuni za shule: saa za kuingia, sare, usafi na utiifu katika mema. Waislamu wamefungwa na masharti waliyoyakubali, ila sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kuchelewa kila siku na kukataa kufagia kwa kuwa ni mtoto wa muungwana ni kuvunja ahadi.

Na haki hizi tano serikali nayo imezifanya kuwa somo. Watoto walisomeshwa Uraia na Maadili, na mtaala uliotolewa mwaka 2023 ukaleta Historia ya Tanzania na Maadili. Baba asidhani kuwa ni somo la kigeni. Mengi yaliyomo ni yale yale aliyofundishwa yeye chuoni akiwa ameketi juu ya jamvi.

FASILI YA TANO: MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Watoto husimama mwalimu anapoingia wakasema shikamoo. Yafaa kwa mwalimu asiyekuwa Mwislamu?

Jawabu: Yafaa. Salamu ya Kiislamu ina hukumu zake. Ama maamkizi mengine ya desturi, wanavyuoni wetu wametaja kuwa hayana ubaya panapo haja. Na mtoto mbele ya mwalimu wake ana haja.

Suali: Shule ikipika nyama siku ya sherehe, mtoto afanyeje?

Jawabu: Ugali, maharage na uji havina shaka vikipikwa katika vyombo safi. Ama nyama, baba na aende mwenyewe mapema kwa mwalimu mkuu, aulize kwa upole imechinjwa na nani. Akiona shaka, mwanawe ale chakula kingine, ashukuru, anyamaze. Haifai mtoto kusimama mbele ya wenziwe akasema chakula chenu ni najisi. Mas'ala ya kuchinja yaliuchoma mji wa Tunduma mara moja. Asipewe mtoto wa miaka tisa kuyahukumu.

Suali: Na sala ya Ijumaa?

Jawabu: Asiyebaleghe haikumlazimu. Aliyebaleghe, babake amwombee ruhusa kwa mwalimu mkuu, kwa barua ya adabu, wala asimfundishe kutoroka. Kadhalika kipindi cha dini: mkiwa Waislamu kadhaa, pelekeni mwalimu wenu kwa makubaliano, nanyi mlipe gharama zake. Wakristo nao wana kipindi chao. Mwana wetu asipite dirishani akawafanyia kelele.

Suali: Mwanangu ametukanwa yeye, ameambiwa watu wa pwani ni wavivu na wachawi. Je, anyamaze tu?

Jawabu: Haki haina upande mmoja. Na amwambie mwalimu, na wewe uende ukalalamike kwa utaratibu, kwani heshima ile ile tunayoitoa ni haki yetu pia. Lakini asirudishe tusi kwa tusi; hapo wote wawili watakuwa wadhalimu, na aliyedhulumiwa kwanza hatajulikana.

Suali: Baba naye ana wajibu gani shuleni?

Jawabu: Ahudhurie mkutano wa wazazi, na akichaguliwa katika kamati ya shule asikatae. Mtume, sala na amani zimshukie, kabla ya utume alihudhuria mapatano ya Hilful Fudhuli katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, ambapo makabila ya Makka yaliapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni. Na baada ya utume alisema kuwa lau angeitwa katika mfano wake angeitika. Wale hawakuwa Waislamu, na jambo lilikuwa jema, akashirikiana nao. Nasi twaitwa kutengeneza paa la darasa la watoto wetu, tutakosaje kuitika?

KHATIMA

Ndugu yangu, umri wa kutiwa shule na umri wa kuamrishwa sala hukaribiana, kwani Mtume ametuagiza tuwaamrishe watoto sala wakifika miaka saba. Katika mwaka huo mtoto hufunguliwa milango miwili: hufunzwa kusimama mbele ya Mola wake, na hufunzwa kuketi pamoja na wenziwe. Atakayeusimamia mlango mmoja akauacha wa pili amefanya nusu ya kazi.

Basi leo usiku, ukirudi dukani au ukishuka kwenye gari, usianze kumwuliza mwanao amepata alama ngapi. Muulize jina la mtoto aliyekaa kando yake darasani. Akiwa halijui, mwambie kesho aulize. Na akikujibu kwa jina la kejeli, usicheke. Mrudishe kwa upole, umtajie jina la haki. Kisha utazame ulimi wako mwenyewe, kwani huenda jina lile alilipata kwako.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wana wetu walioko Chapwa na kila mji wa ugenini, awafanye waaminifu katika dini yao na wema kwa jirani zao, na atujaalie sisi baba zao kuwa mfano kabla ya kuwa waonyaji. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Amin.